Maji ya Mpemba Yalivyopimwa Upya London

Mwezi Novemba 2016 watafiti wawili, Henry Burridge wa Imperial College hapa London na Paul Linden wa Chuo Kikuu cha Cambridge, walichapisha makala katika jarida la Scientific Reports iliyowauma Watanzania wengi: maji ya moto hayapoi haraka kuliko maji ya baridi. Waliyekuwa wakimpinga ni Erasto Mpemba, Mtanzania ambaye jina lake limo katika vitabu vya fizikia duniani kote kwa kusema kinyume cha hayo.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara za kufundishia katika chuo kimoja cha hapa London. Sekondari nilisoma Iringa, mji ambako Mpemba alisoma kidato cha tano na cha sita, kwa hiyo jina hilo nimekua nalo. Ndugu zangu wa nyumbani walipoona habari hizo waliniuliza kama sijaudhika. Sikuudhika. Nilifurahi, na nataka kueleza sababu, kwa kuwa siku hizi vyuo vyetu na vya wenzetu wa India vinazungumza sana kuhusu ubora wa utafiti na ubunifu, na mara nyingi vinaushika mwiko upande usio na mpini.

Kisa kilianza mwaka 1963 katika Shule ya Sekondari Magamba. Mpemba alikuwa kidato cha tatu, na wavulana walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayapeleka kwenye friji. Nafasi ya friji ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake alichanganya maziwa yake na sukari bila kuyachemsha, akawahi. Mpemba, ambaye yake yalikuwa yametoka jikoni wakati huohuo, akaona akisubiri yapoe atakosa nafasi. Akayatia yakiwa ya moto. Waliporudi baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa mazito tu.

Alimwuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akitengeneza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba wao huyaweka ya moto makusudi ili yagande upesi. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, darasa lilipofundishwa kanuni ya Newton ya kupoa, aliuliza tena. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na tangu siku hiyo kila alipokosea darasani akawa anaambiwa ni ya Mpemba hayo. Mpemba hakuishia kunung'unika. Alipoukuta mlango wa maabara ya baiolojia uko wazi, aliingia na bika mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji ya moto, akaziweka kwenye friza ya maabara na kujionea mwenyewe.

Kisha akaja mgeni. Denis Osborne alikuwa mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Chuo hicho kilifunguliwa Oktoba 1961 kwenye jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London, na kilihamia Mlimani mwaka 1964. Osborne alikwenda Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akamwuliza kwa nini maji ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda kuliko ya nyuzi 35 yakiwekwa pamoja kwenye friji. Wanafunzi wenzake wakacheka. Osborne alidhani kijana amekosea, lakini aliahidi kwamba akirudi Dar atalijaribu.

Alilijaribu kweli, na hapa ndipo roho yangu ya ufundi inaposisimka. Alimpa kazi hiyo fundi kijana wa maabara. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka lipatikane jibu sahihi. Mtu akisoma haraka atamcheka yule kijana. Mimi namwelewa. Alifundishwa, kama tulivyofundishwa wengi, kwamba jibu limo kitabuni na kazi ya jaribio ni kulifikia. Walirudia, na jibu halikubadilika, na chuo kikalikubali jinsi lilivyo.

Walipima kwa vifaa vya kawaida kabisa: sentimita za ujazo 70 za maji katika bika za Pyrex za sentimita za ujazo 100, zilizowekwa juu ya kipande cha plastiki povu ndani ya sehemu ya barafu ya friji la nyumbani. Maji yaliyoanza na nyuzi 25 ndiyo yaliyochelewa kuliko yote kuanza kuganda. Yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yaliwahi sana. Makala ikatoka mwaka 1969 katika Physics Education, jarida la walimu wa fizikia la hapa Uingereza. Jina la kwanza ni la Mpemba, la pili la Osborne. Kijana aliyechekwa darasani akawa mwandishi mkuu, na sehemu ya kwanza ya makala ameisimulia mwenyewe. Fundi wa maabara hayumo kati ya waandishi, na hilo linanichoma mpaka leo.

London haikuliacha swali la Mpemba lipite. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza, Royal Society of Chemistry, ambacho makao yake yako Burlington House, Piccadilly, kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora ya kwa nini jambo hilo hutokea. Majibu zaidi ya 22,000 yalimiminika kutoka pembe zote za dunia. Mshindi akawa Nikola Bregović wa Chuo Kikuu cha Zagreb, Croatia. Burridge na Linden walianzia nyuma ya hapo. Kabla ya kuuliza kwa nini, wao waliuliza: linatokea kweli?

Walikusanya vipimo vya watu mbalimbali vilivyochapishwa, wakafanya na vyao, wakitazama muda ambao maji huchukua kushuka hadi nyuzi sifuri. Hawakuona maji ya moto yakitangulia. Waliona jambo dogo lenye uzito mkubwa: ukikiweka kipimajoto cha bika moja sentimita moja juu au chini ya kile cha bika nyingine, unaweza kupata namba zinazoonekana kuthibitisha hoja ya Mpemba ilhali hakuna kitu.

Jambo hili ninaliona kila muhula. Maji yanayopoa ndani ya bika hayana joto moja kutoka juu hadi chini. Juu ya nyuzi 4, yaliyopoa huwa mazito na huzama. Yakishuka chini ya hapo mambo hugeuka, yaliyo baridi zaidi ndiyo yanayoelea. Kwa hiyo ncha ya waya wa kupimia joto ikisogea kidogo tu, inasoma maji mengine kabisa. Wanafunzi wanapofika kwenye zoezi la kupoa, nawataka waupime urefu kwa rula kutoka sakafu ya bika, wapige alama ya kalamu kwenye kioo, waubane waya kwenye kishikio, kisha waandike kipimo hicho daftarini kabla mlango wa friza haujafungwa. Wengi huona ni usumbufu wa mama mmoja mwenye masharti. Mwanafunzi wa uzamivu kutoka Mombasa, kijana hodari, aliwahi kunisihi.

"Dada, nikirudia tena nitaandika lini? Msimamizi anataka makala."

"Rudia, mdogo wangu. Majibu yakitofautiana, uyaandike yote mawili."

Alirudia, na hayakufanana. Waya ulikuwa umelegea kwenye kishikio.

Furaha yangu ya mwaka 2016 ilitokana na hili: Burridge na Linden waliweza kumpinga Mpemba kwa sababu yeye na Osborne waliandika kila kitu, ujazo wa maji, aina ya bika, kilichotandikwa chini yake. Makala yenye umri wa miaka 47, ya mwanafunzi wa sekondari na mhadhiri wa chuo kichanga, bado ilikuwa na nyama ya kutosha kwa maabara mbili kubwa za Uingereza kuishughulikia. Hiyo ndiyo alama ya utafiti bora, na kwangu inapita idadi yoyote ya makala.

Tena mjadala haujafungwa. Burridge na Linden walipima kupoa hadi sifuri. Mpemba alizungumzia kuganda. Maji yanaweza kushuka chini ya sifuri yakiwa bado majimaji, na yataanza kuganda saa ngapi ni suala gumu peke yake. Mwaka 2020, Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Canada, walionyesha katika jarida la Nature kwamba punje ndogo mno ndani ya maji, zikisukumwa kwa mwanga kwa utaratibu maalumu, zinaweza kufikia ubaridi haraka zaidi zikianzia kwenye joto kubwa. Sasa hata wanafizikia wa kwanta wanaandika kuhusu athari ya Mpemba katika mifumo isiyo na maji wala friji.

Turudi vyuoni. Uingereza imekuwa ikikagua utafiti wa vyuo vyake tangu 1986, na fedha nyingi za serikali hugawanywa kwa matokeo ya ukaguzi huo. Katika ukaguzi wa 2008 mtafiti alitarajiwa kuleta kazi nne. Katika ule wa 2021 idara ilitakiwa kazi mbili na nusu kwa wastani wa mtu mmoja, na robo ya alama ikatolewa kwa manufaa yaliyoonekana nje ya chuo. Jopo la wataalamu huzisoma na kuzipa nyota moja hadi nne, na kwa vyuo vya England nyota tatu na nne tu ndizo zenye fedha. Nimeona mfumo huu ukiwatesa watu. Msimu wake ukifika, korido hazina raha. Lakini katika kupunguza idadi na kusoma kazi yenyewe uko sahihi.

India imepita njia ngumu zaidi. Kwa miaka kadhaa mwanafunzi wa uzamivu hakuweza kuwasilisha tasnifu bila kuwa amechapisha kwanza, na mhadhiri alipandishwa cheo kwa kuhesabiwa machapisho. Yakaibuka majarida ya kulipia yanayochapisha lolote baada ya siku chache. Tume ya vyuo vikuu ya India, UGC, ikaunda orodha ya majarida yanayoaminika mwaka 2018, ikaondoa sharti la uzamivu mwaka 2022, na mwaka 2025 ikaifuta hata orodha yenyewe na kuviachia vyuo vipime. Naliona hilo kuwa ukomavu: tatizo lilikuwa zaidi ya majina ya majarida, lilikuwa kumdai kila mtu makala bila kumpa muda wa kufanya jaribio.

Yanatuhusu. Kwetu pia mhadhiri hupanda cheo kwa pointi za machapisho, na barua pepe za majarida ya kulipia zinawafikia walimu wa Dar, Dodoma na Nairobi kila asubuhi. Na India yenyewe imekuja nyumbani: mwaka 2023 taasisi ya teknolojia ya IIT Madras ilifungua kampasi Zanzibar, ya kwanza ya taasisi za IIT nje ya nchi yao, chini ya Profesa Preeti Aghalayam, mwanamke wa kwanza kuongoza kampasi ya IIT. Nina matumaini nayo, mradi ije na yale India iliyojifunza kwa uchungu.

Jingine ni mafundi. Mwaka 2017 vyuo na taasisi za Uingereza vilianza kutia saini ahadi ya kuwatambua mafundi wa maabara, kuwapa mafunzo na ngazi ya kupanda. Polepole majina yetu yanaanza kuonekana kwenye makala. Chuo kinachojenga maabara ya ghorofa tano kisha kikamwajiri fundi mmoja kwa mkataba wa miezi sita hakijajenga maabara. Nani atajua kwamba waya umelegea?

Ningekuwa na sauti mbele ya wanaopanga bajeti za utafiti Tanzania, ningeomba kazi moja tu kwa kuanzia. Wanafunzi wa Mlimani, wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na wa kampasi ya IIT Zanzibar walirudie jaribio la 1969, kila kikundi kwenye maabara yake: sentimita za ujazo 70 za maji, bika za Pyrex, plastiki povu, nyuzi 25 na nyuzi 90. Vipimajoto viwekwe kwa rula, kama Burridge na Linden walivyotahadharisha. Wapime kupoa na wapime kuganda, waweke hadharani kila namba, pamoja na zile zisizopendeza, na fundi wa kila maabara aandikwe kati ya waandishi. Vifaa tayari wanavyo. Fedha iende kwenye mishahara ya muhula mzima, ili asiwepo wa kuwaharakisha.