Mzazi na Kichanga Ufuoni: Mji Gani wa Uingereza Umfaao?

Familia nyingi za mwambao huu zina binti au mkaza mwana aliyehamia Uingereza, na habari za uzazi wake hutufikia kwa simu: kajifungua salama, alhamdulillahi, mama na mtoto wazima. Yanayofuata hayasemwi sana. Huku kwetu mzazi hukaa ndani siku arubaini akikandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, na mtoto hupokezanwa mikononi mwa bibi, mashangazi na majirani. Kule, likizo ya kisheria ya baba ni wiki mbili tu; zikishapita mume hurudi kazini, na mzazi hubaki peke yake na kichanga katika nyumba ndogo, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Ufikapo mwezi wa nne au wa tano, zile pongezi zimekwisha na uchovu umebaki.

Kwa mwanamke kama huyo siku tatu za pwani hatuziiti anasa. Wala bahari haiko mbali: katika kisiwa kizima cha Uingereza hakuna mahali palipo mbali na maji ya chumvi zaidi ya kilomita 115 hivi, treni hufika miji mingi ya ufuoni, na mtoto wa chini ya miaka 5 halipi nauli. Kazi ni kuchagua. Picha za miji hiyo zote hupendeza, lakini picha haionyeshi ngazi, haivumi upepo, wala haimwambii mtu ni umbali gani atasukuma kigari cha mtoto kabla ya kuyaona maji. Tunawashauri wasomaji wetu waanze na ardhi ya mji, kisha tabia ya bahari yake, na sifa zake waziweke mwisho.

Tuchukue Brighton, ambao ndio mji wa kwanza kutajwa na kila mkaazi wa London, kwa kuwa treni huchukua saa moja tu. Una jumba la kifalme lenye makuba ya mtindo wa Kihindi, ambalo Muislamu akiliona kwa mbali huenda akalidhania msikiti. Jumba hilo, Royal Pavilion, lina habari inayotuhusu. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, tangu 1914 hadi 1916, liligeuzwa hospitali ya askari wa Jeshi la Uhindi waliojeruhiwa Ufaransa. Waislamu na Mabaniani walitengewa majiko yao na mifereji yao ya maji, ili kila mmoja ale na kunywa kwa mujibu wa dini yake. Waislamu waliofariki walipelekwa kuzikwa Woking, karibu na msikiti wa Shah Jahan uliojengwa mwaka 1889. Ni ziara inayofaa kabisa, na sisi tungeipendekeza kwa mwenye watoto wanaosoma. Kwa mwenye kichanga mambo ni mengine, maana ufuo wa Brighton ni wa kokoto. Gurudumu la kigari huzama, mama hawezi kutandika kanga akaketi kwa raha, na usiku wa Jumamosi mitaa ya karibu na bahari haina usingizi.

Kuna na vijiji vinavyoteka moyo kwa uzuri. Clovelly, katika jimbo la Devon, utamkumbusha mtu Lamu: magari hayaingii, na tangu zamani mizigo ilibebwa na punda. Lakini Lamu ni tambarare, na Clovelly ni njia moja ya mawe inayoteremka bondeni kama paa la nyumba. Hata leo bidhaa hukokotwa kwa sleji. Whitby, upande wa kaskazini mashariki, una ngazi 199 za kupandia kanisani na magofu ya juu ya jabali. Mwanamke aliyepasuliwa miezi mitatu iliyopita hana haja nazo.

Sasa bahari yenyewe. Sisi watu wa mwambao hujiona tunaijua, na hapo ndipo pa kujihadhari. Bahari tuliyokulia ina mwamba unaovunja mawimbi, na hata siku za bamvua tofauti ya maji kupwa na kujaa Mombasa ni kama mita 4. Katika Mfereji wa Bristol, ulipo mji wa Weston-super-Mare, tofauti hiyo wakati wa bamvua hupita mita 10. Maji yakitoka huenda mbali mno, yakiacha uwanda wa matope laini yanayomshika mtu miguu asiweze kujinasua. Na yakirudi, hurudi upesi. Kaskazini, katika Ghuba ya Morecambe, mwezi wa Februari 2004 wafanyakazi wasiopungua 21 kutoka China waliokuwa wakiokota kombe usiku walizungukwa na maji wakafa. Baba anayetoka na mtoto kifuani kutafuta ukingo wa maji yaliyokupwa asidhani yuko Nyali. Atazame kwanza jedwali la saa za maji, ambalo hubandikwa ufuoni, na aogee baina ya bendera nyekundu na njano za waokoaji. Nambari ya dharura ni 999, na kwa jambo la baharini aombe walinzi wa pwani.

Kwa hayo yote, mtu wa London na viunga vyake akituuliza, jibu letu ni Bournemouth. Treni kutoka kituo cha Waterloo huchukua kama saa mbili. Ufuo ni wa mchanga, maili kadhaa mfululizo, na tofauti ya maji kupwa na kujaa haifiki mita 3, kwa hivyo bahari haimkimbii mtu wala haimvamii. Mji uko juu ya majabali, jambo ambalo lingetutia wasiwasi, ila kutoka katikati yake kuna bustani ndefu inayofuata kijito mpaka gatini, na kigari hupita bila ya kuinuliwa. Chini ya majabali kuna njia pana ya sakafu kando ya mchanga. Tena kuna vibanda vya mbao vya kukodi, ambavyo mji huo umekuwa navyo tangu 1909. Kibanda kina mlango na kivuli, mama anaweza kuvua buibui, kumnyonyesha mwanawe na kumbadilisha nepi bila ya macho ya watu. Hata asiye na kibanda ana haki yake: sheria ya usawa ya mwaka 2010 inakataza mkahawa au duka kumfukuza mama kwa kuwa ananyonyesha.

Wa Manchester, Bolton au Preston wana Blackpool, yenye mnara wa mita 158 uliofunguliwa mwaka 1894, mchanga mpana na tramu zinazopita kando ya bahari. Ni mji wa shangwe na kelele, na mwisho wa wiki walevi hawakosekani. Afadhali kulala St Annes, kilomita chache kusini, penye utulivu na ardhi tambarare, kisha kwenda Blackpool mchana kwa kutembea.

Wakati wa kwenda una uzito kama mji wenyewe. Mwenye kichanga hafungwi na kalenda ya shule, basi aiache Agosti, bei zinapopanda, aende wiki ya pili ya Septemba. Bahari ya kusini huwa katika joto lake la mwaka, nyuzi 17 au 18. Mswahili ataliita hilo baridi, na kwa mtoto mchanga ni baridi kweli. Miguu tu itoshe. Na sala nazo huwa nyepesi kuzipanga. Mwezi wa Juni jua huko huchwa baada ya saa tatu ya usiku na alfajiri huingia watu hawajapata usingizi, ilhali Septemba Magharibi huingia kabla ya saa mbili. Bournemouth iko zaidi ya kilomita 150 kutoka London, masafa ambayo kwa madhehebu yetu ya Shafii msafiri huruhusiwa kupunguza na kukusanya sala, maadamu hakunuia kukaa siku nne kamili. Mwenye mashaka amuulize sheikh wake.

Jua nalo lisidharauliwe kwa kuwa hewa ni baridi. Mtoto wa chini ya miezi 6 hukaa kivulini, na kigari kisifunikwe shuka nzito, kwani ndani yake hewa hugeuka tanuri.

Kuhusu malazi, nyumba nyingi za wageni ni majengo ya zamani yenye ghorofa tatu au nne na ngazi nyembamba. Ulizeni kwa simu kabla ya kulipa: chumba kiko ghorofa ya ngapi, lifti ipo, kitanda cha mtoto kipo? Sisi tungependelea nyumba ndogo ya kupanga yenye jiko, hata ikizidi bei kidogo, kwa sababu kifungua kinywa cha nyumba za wageni aghalabu hupikwa pamoja na nyama ya nguruwe katika kikaango kimoja. Nyama ya halali inunuliwe nyumbani kabla ya safari na kugandishwa.

Samaki wa kukaanga na chipsi, chakula mashuhuri cha pwani ile, watu wengi hukila wakidhani samaki hana neno. Samaki hana neno, ila katika maduka mengi ya kaskazini, hasa Yorkshire, hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe asiyechinjwa kwa sharia, na wengine hutia bia katika unga wa kumviringishia. Muulizeni muuzaji mambo hayo mawili kabla hajatia samaki karaini. Wamezoea kuulizwa, na hujibu bila ya kununa.