Baka Lisilouma: Tumbaku ya Kutafuna na Afya ya Kinywa

Kupata ugoro Kariakoo si kazi. Huuzwa katika vifuko vya nailoni visivyo na maandishi, kando ya karanga na sigara za rejareja. Ukivuka Mnazi Mmoja kuelekea Kisutu utakuta tambuu: jani lililopakwa chokaa na kufungiwa popoo, mara nyingi pamoja na tumbaku. Wabeba mizigo na walinzi wa usiku husema vitu hivi huwaondolea usingizi na njaa. Wengine huviona salama kwa kuwa havitoi moshi, na dhana hiyo ndiyo tunayotaka kuisahihisha.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka tumbaku isiyo ya moshi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Popoo nayo imo katika kundi hilo, hata ikitafunwa bila tumbaku, jambo linalowashangaza wengi. Magadi au chokaa huifanya nikotini ipenye upesi, lakini pia huchubua ngozi laini ya kinywa, mahali palepale kila siku.

Mabadiliko huanzia pale tonge linapowekwa: baina ya mdomo na ufizi, au ndani ya shavu. Ngozi hukunjamana, kisha hutokea baka jeupe lisilofutika kwa kitambaa. Haliumi, na kwa sababu haliumi hupuuzwa. Si kila baka jeupe ni saratani. Mengi hupungua au kutoweka wiki kadhaa baada ya mtumiaji kuacha. Baka jekundu, au jekundu lililochanganyika na jeupe, lina hatari kubwa zaidi. Vivyo hivyo uvimbe mgumu, ganzi ya mdomo au ulimi, na jino linalolegea bila sababu. Atafunaye popoo asimamishe vidole vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno yake ya mbele ya juu na ya chini. Visipoingia, huenda mashavu yamekakamaa kwa ndani, na ukakamavu huo kwa kawaida haurudi nyuma.

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni kununua vidonge vya kuua vijidudu katika duka la dawa na kuvirudia kwa miezi. Kidonda au baka lililodumu zaidi ya wiki mbili lipelekwe kwenye kliniki ya kinywa na meno, kwa mfano Hospitali ya Amana au Muhimbili. Daktari anaweza kukata kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya maabara. Hofu kwamba kidonda kikiguswa na kisu saratani itaenea haina msingi, nayo imewachelewesha wengi. Saratani ikithibitishwa ingali ndogo, upasuaji unaweza kuiondoa yote. Tiba ya mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia bidhaa za tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na ugoro wa nailoni haukusamehewa.

Uendapo kliniki, chukua kifuko unachotumia. Mweleze daktari umetumia miaka mingapi, na ni upande gani wa kinywa unaoweka tonge.