Ghala la Mboga Mwambao wa Moa: Mambo ya Kupima Kabla ya Kujenga

Chama cha ushirika kinapofikiri kujenga ghala la mboga, swali la kwanza mkutanoni aghalabu huwa ni bei ya saruji na mabati. Yafaa litangulie swali jingine: mboga zitakaa ghalani muda gani, zikingoja nini? Huko Moa, mwambao wa Mkinga karibu na mpaka wa Kenya, mboga hungoja gari la kwenda Tanga mjini au upande wa Horohoro. Hilo ni jambo la usiku mmoja au siku mbili. Ghala la kuweka mchicha wiki mbili katika joto la pwani, bila mashine ya baridi, halipo. Na chama kinachokopa kwa tumaini hilo kitabaki kulipia jengo tupu.

Mboga iliyochumwa bado i hai. Hupumua, hutoa joto na kupoteza maji. Joto likipanda kwa nyuzi 10 za Sentigredi, pumzi hiyo huongezeka mara mbili hadi tatu. Kwa hiyo bamia zilizochumwa alfajiri na kuwekwa kivulini papo hapo zimekwisha kuhifadhiwa nusu. Zilizoachwa juani hadi adhuhuri haziokolewi na ghala lolote.

Wanachama wengi wamesikia sifa za chumba cha mkaa, chenye kuta mbili za wavu zilizojazwa mkaa unaomwagiwa maji, upepo ukipita ukapoa. Chumba hicho chafaa sana Dodoma, ambako hewa ya kiangazi ni kavu. Pwani mambo ni mengine. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 35 yaweza kupozwa kwa maji hadi karibu nyuzi 20. Hewa ya nyuzi 31 hizo hizo, yenye unyevu wa asilimia 75, haishuki chini ya nyuzi 27. Hizo ni nyuzi nne tu, na maji yamechotwa kutwa nzima! Chumba hicho kitachelewesha mchicha kunyauka, lakini hakistahili mkopo. Wala Lushoto si mfano wa kuigwa, maana huko baridi ya usiku ni ya mlimani.

Maghala ya zamani ya mbata na korosho nayo yasiigwe. Yalijengwa kwa mazao makavu, kwa kuta nzima na madirisha machache. Mboga zataka paa nene lenye upenu mrefu na kuta zinazopitisha upepo. Ncha fupi za jengo zielekee mashariki na magharibi ili jua lisipige kuta ndefu. Nazo kuta ndefu zitapokea kaskazi na kusi kwa mshazari. Makuti hupoza kuliko mabati, ingawa yana hatari ya moto na hudai kuezekwa upya. Mchanga wa ufukweni usitumike katika zege, kwa kuwa chumvi yake hula nondo. Boriti za mikoko zisikatwe bila kibali.

Ukubwa haukisiwi kwa macho. Tuseme siku ya mavuno mengi chama hupokea kreti 80 za nyanya, kila moja kilo 20, yaani kilo 1,600. Kreti ya sentimita 60 kwa 40, zikipangwa nne nne, huhitaji mafungu 20, ambayo ni chini ya meta 5 za mraba. Mara mbili yake, kwa njia na upepo, ni meta 10 tu. Chumba cha meta 3 kwa 3.5 kinatosha. Ndizi na maembe yanayoiva yawekwe mbali, kwani hutoa hewa inayogeuza matango na mboga za majani kuwa manjano. Muhogo usiletwe kabisa kabla ya gari kufika: ukishang'olewa huanza kuharibika kwa siku mbili au tatu, na ghala lake bora ni shamba.

Kama fedha ni za mkopo, ukomo wa madeni uamuliwe na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis, kama itakavyo Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013.

Limebaki daftari, ambalo huvunja vyama kuliko mvua. Mboga ikipoteza maji hupoteza uzito. Kwa hiyo kilo zilizoandikwa jioni hazitatimia asubuhi, na mtunza ghala atadhaniwa mwizi. Mali ipimwe inapoingia na inapotoka, na mwanachama apewe stakabadhi yenye uzito, daraja na saa ya kupokelewa. Kabla ya kufungua ghala, chama kipime kila aina ya mboga kwa siku kadhaa za majaribio, kisha mkutano mkuu uweke upungufu unaokubalika kwa kila aina, na uandike katika muhtasari ni nani atakayebeba hasara ya mboga iliyooza kwa sababu gari halikuja.