Mwalimu Mgeni na Siku Zake Mbili

Ukipanda basi la Mwanza kwenda Musoma katika wiki ambazo serikali imetoa ajira mpya za walimu, utawatambua bila kuuliza. Ni vijana wenye begi moja la nguo, godoro lililofungwa kamba kwenye buti, na bahasha ya kaki isiyotoka mkononi. Ndani ya bahasha mna vyeti na barua ya kupangiwa kituo. Baadhi hushuka Bunda na kutafuta gari la Kibara au Kisorya. Wengine hushuka Makutano na kupanda bodaboda kuelekea Butiama. Waliobaki hufika Musoma mjini, na kesho yake huanza kuulizia shule ambayo jina lake wamelisoma kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya waliopangiwa vituo.

Mara mojamoja basi hilohilo hubeba mwalimu mgeni wa aina nyingine, mtu wa kujitolea kutoka Marekani, Ujerumani au Japani, anayekuja kufundisha hesabu, sayansi au Kiingereza. Sura hii inawahusu wote, maana wote wametoka kwao na wote wataingia ofisi ya walimu ambayo watu wake wanajuana, wanadaiana na wana utani wa miaka. Hata hivyo tunawapokea kwa namna mbili tofauti kabisa, na zote mbili zina kasoro.

Kila msomaji anaijua methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Butiama, aliitumia katika kijitabu chake cha mwaka 1962 juu ya ujamaa, akieleza kwamba katika jamii zetu za zamani hakukuwa na mtu wa kukaa bure huku wengine wakifanya kazi. Yeye alikazia jembe. Mimi naomba tuisome yote, pamoja na mpangilio wake. Siku mbili ni haki ya mgeni, na jembe pia ni haki yake. Anayenyimwa kimojawapo hajapokelewa.

Mgeni wa ng'ambo tunamnyima jembe. Anaketishwa mbele kwenye kikao cha wazazi, anapewa soda, anapigiwa makofi, anachinjiwa kuku. Mwezi wa tatu bado yuko mbele. Ratiba ya zamu haina jina lake, eti tusimsumbue. Daftari la michango ya msiba likipita linamruka. Mazungumzo mazito ya walimu husubiri atoke. Kila tendo, ukilitazama peke yake, ni la heshima, na wanaolifanya wana nia njema. Lakini ukiyajumlisha yote, umemwambia mtu kwamba hapa si pake. Wapo wanaomaliza miaka yao miwili wakiwa wamependwa na kijiji kizima, na bado hawana mtu mmoja wa kumgongea mlango usiku wakiugua.

Kijana wa Masasi au Rombo tunamnyima siku mbili. Jembe linamsubiri mlangoni. Asubuhi anayoripoti anasaini kitabu cha mahudhurio, anakabidhiwa vipindi vya mwalimu aliyehama, anaongezewa somo la pili ambalo hakulisomea, na wiki ijayo yuko zamu. Kiti hana. Hajaonyeshwa choo cha walimu. Mshahara wa kwanza hauji mpaka taarifa zake ziingizwe kwenye mfumo na apate cheki namba, na posho ya kujikimu ikichelewa, inabidi ale kwa mkopo kwenye duka la mtu asiyemjua.

Hapa pa duka ningependa tukae kidogo, maana ndipo ukarimu unapopimwa. Mwenye duka hawezi kumkopesha mtu aliyefika juzi na anayeweza kuhama kesho. Lakini akitokea mwalimu mwenyeji, akaongozana na mgeni hadi kaunta na kusema, "Mama, huyu ni mwenzetu, mwandikie kwenye daftari, namdhamini mimi," mambo yote yanabadilika. Unga upo, mafuta ya taa yapo, na zaidi ya hayo mgeni ameonekana mbele ya watu akiwa na mtu wake. Hotuba kumi za kumkaribisha haziwezi kufanya kazi hiyo. Utumishi wa umma una mafunzo elekezi kwa waajiriwa wapya, nayo ni ya lazima na ya maana: maadili, stahiki, taratibu za kazi. Lakini hakuna mafunzo elekezi yatakayomdhamini mtu dukani. Hilo linahitaji jirani.

Linahitaji pia mtu wa kumfasiria mambo. Mgeni aliyelelewa Tanga au Unguja, ambako mtu huzunguka kwa maneno kabla ya kusema anachotaka, anaweza kukaa ofisi ya walimu mkoani Mara mwezi mzima akidhani watu wanamgombeza. Wengi huku husema jambo waziwazi na kwa sauti ya juu, wakishamaliza wamemaliza, na dakika moja baadaye wanakunywa chai pamoja. Hakuna kinyongo. Lakini nani atamwambia? Hali kadhalika chakula: ugali wa udaga, mweusi na wenye harufu ya muhogo uliovundikwa, humshtua aliyezoea sembe nyeupe, na anayeukataa mara ya kwanza huonekana ana maringo. Mtu mmoja akimweleza mapema, na kumwambia aanze kidogo kwa samaki, aibu mbili zimeepukwa, ya mgeni na ya mpishi.

Butiama na Musoma zina historia inayotufundisha jambo hili vizuri. Mwaka 1934 Nyerere, akiwa na umri wa miaka kama kumi na miwili, alipelekwa shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma, umbali wa kilomita kama 40 kutoka kwao. Alikuwa akizungumza Kizanaki tu. Kiswahili, lugha ambayo baadaye angeitumia kuliunganisha taifa, alikikuta shuleni akiwa mgeni kama mgeni mwingine yeyote, na miongoni mwa waliompokea darasani alikuwa Mwalimu James Irenge. Miaka 21 baadaye zamu iligeuka. Mwaka 1955, aliporudi kutoka New York alikozungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, Nyerere aliacha kazi ya ualimu katika shule ya Pugu na kurudi nyumbani. Kwa miezi kadhaa alifanya kazi na wamisionari wa Maryknoll, Wamarekani waliofika Musoma mwaka 1946. Alitafsiri maandiko ya dini, na alimfundisha Padri Arthur Wille lugha ya Kizanaki.

Tufikirie kilichokuwa kikitendeka katika masomo yale. Rais wa chama cha TANU, msomi wa Edinburgh, anakaa na Mmarekani na kumsikiliza akikosea. Mgeni anapata mahali pa kukosea mbele ya mtu mmoja tu, kabla hajakosea mbele ya kanisa zima. Hizo ndizo siku zake mbili. Papo hapo anapewa kazi ngumu kweli, ya kujifunza lugha ambayo wenyeji wenyewe wanaota nayo. Hilo ndilo jembe. Wamisionari hao walilielewa jambo hili, wakaendesha kwa miongo mingi shule ya Kiswahili pale Makoko, mjini Musoma, kando ya ziwa, ambapo wageni wa mashirika na nchi mbalimbali walikaa pamoja miezi kadhaa chini ya walimu Watanzania kabla ya kutawanywa kwenye vituo vyao. Faida yake haikuwa sarufi peke yake. Mtu alikwenda kituoni akiwa na wenzake aliowahi kuona haya pamoja nao.

Kwa mwalimu wa Kitanzania aliyepangiwa darasa la kwanza katika kijiji cha Wajita, Wazanaki au Waikizu, jambo hili bado ni bichi. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, lakini mtoto wa miaka sita anaweza kufika shuleni kama Nyerere alivyofika Mwisenge. Mwalimu anayewaomba watoto wamfundishe kusema "kaa," "njoo" na "umeelewa?" kwa lugha yao anapata mambo mawili kwa pamoja. Darasa linatulia, na jioni habari inafika kila nyumba kwamba mwalimu mpya anajifunza lugha yetu.

Nilisema jembe ni haki, na naona nilitetee neno hilo, maana wengi hudhani kumpumzisha mgeni ndiyo wema. Miaka ya 1970 mtafiti Jean Lave alikaa na mafundi cherehani wa Monrovia, Liberia, akitazama wanagenzi wanavyoingia katika ufundi. Mwanagenzi hakuanzia kwenye kukata kitambaa, maana kosa la mkasi halirudi. Alianzia mwishoni mwa kazi: kushona vifungo, kupinda upindo, kupiga pasi suruali iliyokwisha kushonwa. Zilikuwa kazi ndogo zisizoweza kuharibu nguo, lakini zilikuwa za kweli, maana bila vifungo nguo haiuziki. Mwaka 1991 Lave na Etienne Wenger walitoa kitabu kilichojenga juu ya uchunguzi huo hoja ambayo walimu wa dunia nzima wanaijadili mpaka leo: mtu huwa mwanachama wa jumuiya kwa kushiriki kazi yake halisi kuanzia pembezoni, akisogea ndani kidogo kidogo.

Vifungo vya ofisi ya walimu ni vipi? Kusimamia usomaji wa mwisho wa wiki. Kushika orodha ya vitabu vya kidato kimoja. Kuonyesha mada moja anayoiweza katika jumuiya ya kujifunza, vikao vile ambavyo mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini (MEWAKA) unavitaka viwepo kila shule, ili wenzake waone naye ana cha kutoa. Mgeni wa ng'ambo apewe zamu, pamoja na mwenzake mwanzoni. Apitishiwe daftari la msiba, achange kiasi kilekile wanachochanga wengine, na asiombwe zaidi kwa sababu ya rangi yake. Kumwomba zaidi ni njia nyingine ya kumweka nje.

Kuna kitu kingine kinachomfukuza mgeni kimyakimya, nacho ni jina tunalombandika. Ni mjini Musoma, Novemba 1974, ambako Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha azimio la kufikia elimu ya msingi kwa wote ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha, hivyo makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu vijijini mwao huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowatembelea. Walibeba mzigo ambao nchi isingeweza kuubeba bila wao. Malipo yao katika ofisi nyingi yalikuwa kuitwa "UPE," herufi za jina la Kiingereza la mpango huo, kwa dharau mpaka wanastaafu. Miaka ya 2000, shule za kata zilipoota kila mahali na vijana wa kidato cha sita wakapelekwa kufundisha baada ya mafunzo ya muda mfupi, wakaitwa "voda fasta," yaani walimu wa harakaharaka. Watu hucheka, lakini mwenye jina hajasahau. Kijana aliyeingia kituoni akiwa na jina hilo mgongoni hakuthubutu kuuliza swali, kwa kuwa kila swali lingethibitisha jina. Asiyeuliza hajifunzi, na anayeumia hapo ni mtoto aliyeketi mbele yake.

Basi ofisi yenye nia ya kumpokea mtu ihakikishe kwanza kwamba swali dogo lina mahali pa kuulizwa. Ninaposema swali dogo simaanishi namna ya kuandaa azimio la kazi, hilo lina miongozo. Namaanisha, hapa mwalimu wa kike anavaa suruali? Mwenyekiti wa kijiji nimwendee lini? Mtoto wa diwani nikimwadhibu itakuwaje? Walimu wetu wanaokwenda vyuo vikuu vya Marekani kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo, chini ya mpango wa Fulbright, hukutana na hali hiyohiyo kwa upande wa pili. Karatasi za maelekezo huwa nyingi na nzuri. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza kama ukialikwa chakula unakwenda na kitu mkononi, au profesa anayekwambia umwite kwa jina lake la kwanza anamaanisha kweli.

Makundi ya simu yameletwa kuziba pengo hilo, na yanaweza kuliziba. Mara nyingi lakini mgeni huongezwa kundini saa tatu usiku, zikamiminika "karibu sana" hamsini, na asubuhi yake ni kadi za harusi, matangazo ya kikao na taarifa za kujazwa kabla ya saa sita. Akiuliza jambo lake linazama. Au linajibiwa na mmoja kwa kicheko, na hatauliza tena. Karibu ya watu hamsini haina mwenyewe, kila mmoja akiamini mwingine atafuatilia. Ingefaa zaidi mtu mmoja amwandikie mgeni faraghani, "Mimi ndiye wa kumuuliza," kisha yeye mwenyewe ndani ya siku chache amuulize mgeni jambo mbele ya kundi, jambo analolijua vizuri.

Mtu huyo asiwe mkuu wa shule, maana yeye ndiye atakayeandika taarifa ya utendaji, na hakuna anayemweleza bosi kwamba hajui. Asiwe pia mkongwe wa ofisi. Aliyekaa Kisorya miaka ishirini ameshasahau kwamba kuna wakati hakujua siku ya mnada, wala maji yanakotekwa visima vikikauka. Anayefaa ni aliyefika mwaka jana. Mkuu wa shule amwandike kwenye ratiba kama anavyoandika zamu, kwa muhula mmoja: ampeleke mgeni dukani, zahanati na kwa mwenyekiti wa kijiji, anywe naye chai wiki za kwanza, na shule ikikaribia kufungwa amuulize ni jambo gani alitamani kuambiwa na hakuna aliyemwambia. Jibu liandikwe kwenye karatasi atakayopewa mwalimu atakayefuata. Na mgeni wa mwaka huu, awe wa Masasi au wa Ohio, aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba mwakani zamu hiyo ni yake.