Kukata Maneno ya Kiingereza kwa Silabi

Msomaji wa Kiswahili aonapo neno, aweza kulikata kwa macho tu. "Kitabu" ni ki-ta-bu, na "amekuja" ni a-me-ku-ja; kila irabu iandikwayo hutamkwa, nayo ndiyo mwisho wa silabi yake. Basi mwanafunzi aanzapo Kiingereza, huichukua kanuni hii iliyo njema nyumbani akaitumia ugenini, nayo humponza. Neno "make", maana yake kufanya, hulisoma kwa silabi mbili. Na "strength", yaani nguvu, hulitilia irabu zisizokuwamo. Huenda akadhaniwa mzito wa akili, kumbe afuata barabara kanuni aliyofundishwa.

Katika Kiingereza silabi huhesabiwa kwa sikio, si kwa jicho. "Strength" lina herufi nane, nalo ni silabi moja. "Area", yaani eneo, lina herufi nne tu, nalo ni silabi tatu. Ile e iliyo mwisho wa "make" haisikiki. Kazi yake ni kuonyesha jinsi ya kuitamka a iliyotangulia. Hali kadhalika "walked", yaani alitembea, ni silabi moja, bali "wanted", yaani alitaka, ni mbili. Kwa kuwa kimalizio hiki cha wakati uliopita hupata silabi yake chenyewe kikifuata sauti ya t au ya d.

Wala mtu asiseme kwamba jambo hili ni geni kabisa kwetu. Tazameni neno "mtu". Lina irabu moja, nalo ni silabi mbili, m-tu; tena mkazo wa sauti huiangukia hiyo m. Vivyo hivyo Mwingereza atamkapo "little", yaani -dogo, l hushika mahali pa irabu katika silabi ya pili. Ajuaye kutamka "mtu" amekwisha kuupata ufunguo.

Yafuata sasa habari ya kukata neno mwishoni mwa mstari. Neno la silabi moja halikatwi kamwe, wala haifai kuacha herufi moja peke yake. Viambishi hutengwa na shina: "un-kind", "teach-er". Katika mengineyo yapasa kusikiliza. A ya "paper" ni ndefu, kwa hiyo hukatwa "pa-per". A ya "habit" ni fupi, nayo hufungwa na konsonanti, "hab-it". Desturi ya kale ilikuwa "ha-bit", lakini Noah Webster wa Marekani, katika kitabu chake cha tahajia cha mwaka 1783, alitaka mkato ufuate matamshi. Waingereza wengine wameangalia zaidi asili ya neno. Ndiyo sababu neno la maarifa hukatwa "knowl-edge" Marekani, na "know-ledge" kwao.

Tena herufi zile zile zaweza kukatwa namna mbili. "Record" likiwa jina, mkazo uko mwanzoni, nalo hukatwa "rec-ord". Likiwa kitendo, mkazo uko mwishoni, nalo hukatwa "re-cord".

Basi mwandishi na asikilize kwanza, ndipo akate. Akiligawa "readjust", yaani kurekebisha tena, akaacha "read" mwishoni mwa mstari, msomaji atadhani ni habari ya kusoma, naye atalazimika kurudi nyuma. Mkato mwema ni ule ambao msomaji haujui kama upo.