Je, Wajua? Bunduki ya Upepo na Upepo wa Fundo

Katika Olimpiki, bunduki ya upepo hupigwa kutoka mita 10. Risasi yake ina kipenyo cha milimita 4.5, lakini kitone cha alama 10 ni nusu milimita tu! Mashindano haya yaliingia Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles, na hufanyika ndani ya ukumbi kwa sababu risasi nyepesi huyumbishwa na upepo. Basi katika kisiwa cha Fundo, ng'ambo ya Wete huko Pemba, kusi likivuma, anayejaribu bunduki mpya ataona risasi zikienda kando hata akilenga vyema. Atafute asubuhi tulivu, aegemeze bunduki juu ya mfuko wa mchanga, apige risasi kadhaa pahala pamoja, ndipo aguse kilengeo. Ajaribu pia risasi za aina mbalimbali, maana kila mtutu una aina unayoipenda.

Shabaha iwe karatasi, kamwe isiwe popo. Popo wa Pemba hapatikani kwingine popote duniani, na uwindaji wa bunduki ulichangia kumfikisha karibu na kutoweka kabla wanavijiji, kama wale wa Kidike, hawajaanza kumlinda.