Maji ya ziwa yakigeuka chai ya mkandaa

Kila mtu anaijua chai ya mkandaa. Lakini je, mkandaa ni nini? Ni aina ya mkoko unaomea pwani. Gome lake likilowekwa hutoa rangi nyekundu iliyotumiwa tangu jadi kutia ngozi rangi. Sasa fikiria ziwa zima lenye rangi kama hiyo!

Ziwa hilo lipo magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jina lake, Mai-Ndombe, maana yake ni maji meusi. Weusi huo si matope wala uchafu wa viwanda, bali ni mabaki ya msitu yaliyoyeyuka.

Mambo huenda hivi. Majani, mizizi na vigogo huoza polepole katika vinamasi. Mvua nyingi ya huko huyalowesha mabaki hayo, nayo ardhi tambarare huyachelewesha maji hadi yakaiva kama chai jikoni.

Mbona basi maji ya Ziwa Tanganyika, mashariki mwa nchi hiyo hiyo, ni maangavu? Ziwa hilo lina kina cha karibu mita 1,470, tena limezungukwa na milima. Rangi kidogo iletwayo na mito humezwa na maji mengi, ambayo hukaa humo kwa mamia ya miaka huku jua na vijidudu vikiimaliza.

Hapa Kenya, Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Jua huchukua maji na kuacha vilivyoyeyuka, chumvi pamoja na mabaki ya viumbe, kama mchuzi unaokaukia sufuriani.

Yakuhusu nini haya, wewe unayefungua mfereji tu? Yanakuhusu sana. Mabaki hayo yakikutana na klorini kwenye mitambo ya kusafishia maji, huzaa kemikali ambazo baadhi yake zinashukiwa kuleta saratani. Sharti yapunguzwe kwanza, na hiyo ni gharama. Huko Uswidi na Ufini, maziwa mengi yamezidi kuwa ya kahawia katika miongo ya karibuni. Mvua yenye asidi ilipopungua, udongo uliachilia mabaki zaidi, na mabadiliko ya hali ya hewa yakachochea.

Kongo nako kuna hatari nyingine. Mwaka wa 2017 wanasayansi walitangaza kwamba mboji iliyo chini ya vinamasi vya bonde hilo imehifadhi takriban tani bilioni 30 za kaboni. Vinamasi vikikauka kwa ukame au kwa mitaro ya binadamu, mboji huoza, kaboni ikapanda angani na kuzidisha joto duniani.

Nanyi wanafunzi, jaribuni hili. Tekeni maji ya mto au ziwa katika chupa safi, kisha muyaache yatulie siku mbili tatu, bila kuyanywa. Matope mengi yatatuama. Yakibaki maangavu lakini yenye rangi ya chai, basi ulizeni kuna msitu au kinamasi gani huko yatokako, na ni nani anayekitunza.